Paneli Nane za Mheshimiwa

Nianze kwa kusema kwamba kaka yangu si mtu mbaya. Dada ndiye aliyeniambia nianze hivyo, na kwa heshima yake nimeanza. Sasa niseme yaliyobaki.

Tumezaliwa watatu. Dada ni kifungua mimba, kaka akafuata, mimi ni kitinda mimba, na kwetu kuwa kitinda mimba maana yake ni kwamba hata ukiota mvi utaambiwa unyamaze, wakubwa wanaongea. Wazazi walituacha wakifuatana, dada akiwa bado binti wa shule. Akaacha shule, akabaki na sisi wawili, kuku wachache wa uani na jogoo mmoja mkorofi aliyekuwa akitukimbiza tukienda chooni. Kwa kuku hao tulikula, tukavaa, tukasoma. Nasema tukasoma, maana kaka ana cheti ukutani na mimi nina duka langu la vitambaa. Yeye dada hana cheti cha kitu chochote.

Watu wanamwita Mama Vifaranga. Mgeni akilisikia jina hilo huanza kutafuta watoto wamejificha wapi, lakini dada hakuzaa. Uzazi wake ni sisi, na vifaranga ambao hata yeye hajui wamefika wangapi. Kazi yake ni kutotolesha mayai ya watu. Unampelekea mayai ya kuku wako, anayatia kwenye mashine, wiki tatu zikiisha unachukua vifaranga wako naye anabaki na sehemu yake. Mashine yenyewe ukiiona utadhani ni kabati la nguo, na kweli ilikuwa kabati la nguo. Seremala alilitoboa mgongo akaweka trei za waya, fundi umeme akafunga feni, hita na kidude cha kupima joto. Liko katika chumba alichokuwa akilala kaka kabla hajaoa. Ukutani bado kuna picha ya timu yake ya mpira, gundi imekauka upande mmoja, na feni ikizunguka ile picha nayo inapepea.

Kabla yai halijaingia humo, dada hufunga pazia, akaliinua yai mbele ya tochi, akalizungusha polepole akitafuta ufa. Akiridhika anampa mwenyewe penseli aweke alama yake juu ya ganda. Mmoja anaweka msalaba, mwingine duara, mwingine anachora kitu anachodai ni jogoo. Anasema mtu akichora kwa mkono wake, yai linabaki kuwa lake hata likilala ndani ya kabati la mwenzake. "Mayai si yangu" ndiyo kauli yake. Ukimuuliza kwa nini hasafiri, mayai si yangu. Ukimuuliza kwa nini aliondoka harusini kabla keki haijakatwa, mayai si yangu.

Kilichokuwa kinamtesa ni umeme kukatika. Kwetu umeme hukatika bila hodi, unaweza kurudi baada ya dakika chache, unaweza kurudi kesho. Kwa ajili hiyo dada alikuwa na safu ya madumu ya njano mlangoni pa chumba kile, na jiko la mkaa uani ambalo halikupoa kabisa. Umeme ukienda, anachemsha maji, anajaza madumu, anayapanga chini ya kabati mahali alipopaacha wazi kwa kazi hiyo, anafunika kabati zima kwa mablanketi. Kisha kila baada ya muda anatoa yai moja na kuligusisha kwenye kope la jicho lake. Kope linajua joto kuliko kidole, anasema. Likipoa, maji mengine. Alifanya kazi ya mashine kwa mikono yake, miaka nenda miaka rudi, mpaka siku dumu lilipomponyoka na maji ya moto yakamuunguza kifundo cha mkono.

Jirani yake, Nesi, mama mstaafu aliyefanya kazi hospitali mpaka nywele zikawa nyeupe, ndiye aliyekuja kila siku kumfunga kidonda kile, na hakutaka hata asante. Mimi ndiye niliyepiga picha ya kidonda na kuituma kwenye kikundi cha ukoo cha simu. Niliandika, "Dada anahitaji sola." Kaka akajibu papo hapo, "Hilo niachieni mimi."

Sasa mjue kaka. Ni msimamizi wa ghala la mizigo. Tunamwita Mheshimiwa, na si kwamba aliwahi kuchaguliwa na mtu yeyote kwa lolote, ila hawezi hata kuomba chumvi mezani bila kwanza kuchukua fursa hii. Ana moyo wa kutoa, silikatai hilo. Bili ya umeme ya dada analipa yeye, na hakuna mtu katika ukoo mzima ambaye hajaambiwa. Shida yake ni kwamba akitoa kitu lazima kionekane kutoka barabarani.

Siku ya kwenda duka la sola dada hakuja. Kwenye mashine kulikuwa na mayai yaliyokaribia kutotoa, na mnajua mayai si ya nani. Alinisindikiza mpaka mlangoni akiwa na bandeji yake.

"Mdogo wangu," aliniambia, "mimi nataka kitu kimoja tu. Umeme ukikatika, mashine isijue. Taa na hayo mengine msihangaike nayo, nitawasha mshumaa."

"Sawa, dada."

"Umwambie Mheshimiwa. Mimi akiniona anaanza kunihutubia."

Muuzaji wa duka lile alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Alituketisha kwenye viti vya plastiki na kutueleza kwa lugha ya kueleweka, hapo nampa haki yake. Alisema sola si kitu kimoja. Kuna mfumo usio na betri, unafanya kazi bega kwa bega na umeme wa nguzo, na faida yake ni kupunguza bili. Kuna wa betri unaojitegemea kabisa, kwa nyumba isiyo na nguzo karibu. Na kuna wa kuchanganya, wenye nguzo, jua na betri, umeme wa nje ukienda unahamia kwenye betri hata husikii.

"Kwa hiyo kabla sijawauzia chochote nataka kujua," alisema. "Hiyo nyumba inasumbuliwa na nini? Bili, au umeme kukatika?"

"Kukatika," nikasema.

"Bili," akasema kaka, kwa sauti kubwa kuliko yangu. "Mama, napenda kuchukua fursa hii kukufahamisha kwamba mlipaji wa ile bili ni mimi."

"Kaka, dada kasema umeme ukikatika mashine isijue."

Akacheka. Akanitazama kama mtoto aliyeuliza jua linalala wapi. "Umeme ukikatika, na jua linakatika? Jua liko juu, paneli ziko juu, wewe unataka nini tena? Betri? Betri inawekwa uvunguni! Nani ataiona?"

Nani ataiona. Alisema hivyo, kwa mdomo wake, na mimi nikasikia kwa masikio yangu haya. Nikamwambia dada haishi barabarani, anaishi ndani, na ndani ndiko kwenye mashine. Nilipaza sauti mpaka mteja mwingine akageuka. Kaka akainua kiganja.

"Wewe nyamaza, wakubwa wanaongea."

Nina watoto wawili wako sekondari. Nina wafanyakazi wanaoniita bosi. Nikanyamazishwa katikati ya duka la watu kwa kiganja.

Muuzaji alijaribu mara moja. "Mzee, kama kuna mashine ya mayai, mimi ningewashauri muanze na betri. Paneli chache zinawatosha." Lakini kaka alikuwa ameshasimama, anazipapasa paneli zilizoegemezwa ukutani. Akauliza kama hizo nane zinaenea bati la mbele, upande wa njiani. Yule mama alifungua mdomo. Akaziangalia zile paneli zilizokuwa zimekaa pale zikila vumbi, akaufunga. Mpaka leo sijamsamehe ule mdomo alioufunga.

Zikafungwa. Ningekuwa mnafiki nikisema hazikupendeza. Ziling'aa, mtu akitokea njia panda kule anaziona. Siku ya kuziwasha kaka alileta wenzake wa ghalani na mpiga picha, akafunga utepe kwenye inveta, lile sanduku jeupe la ukutani linalogeuza umeme wa jua kuwa umeme wa nyumba, halafu akaukata utepe kwa mkasi wa dada wa jikoni. Hotuba ilikuwa ndefu, watoto wa jirani wakaketi chini. Dada alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake ya kazi, mwenye nyumba, mwenye mashine, mwenye mkono ulioungua, hakupewa hata kiti. Hotuba ilipotulia kidogo akapenyeza swali lake.

"Mdogo wangu, umeme ukikatika, hiki kitaishika mashine?"

Fundi aliyezifunga alikuwa bado juu ya bati anakaza skrubu, hakusikia. Kaka akajibu yeye.

"Dada, neno kukatika lifute kabisa!"

Watu wakapiga makofi. Na makofi yakampanda kichwani, maana papo hapo aliyatazama yale madumu ya njano mlangoni na kukunja uso. Akasema haiwezekani kuwa na paneli nane juu na uchafu ule chini, picha zitaharibika. Akamwita mwokota makopo aliyekuwa anapita na mkokoteni, akampa madumu yote, na jiko la mkaa juu yake. Dada aliufuata mkokoteni kwa macho mpaka ukapinda kona. Kisha akamgeukia kaka akamshika mikono yote miwili.

"Ahsante, mdogo wangu. Mungu akuzidishie."

Hapo ndipo panaponiuma kuliko pote. Alimwamini. Mtoto aliyemfundisha kufunga kamba za viatu alimwambia kukatika kumekwisha, naye akaamini. Na kwa kuwa aliamini, mahali pa madumu chini ya kabati hapakuwa na kazi tena, akampigia seremala simu, pakaongezwa trei.

Mayai yaliyojaza trei ile yalikuwa ya Nesi. Nesi alikuwa amechoka kukaa bure tangu astaafu, anataka kufuga. Alikuwa amejenga banda nyuma ya nyumba yake kwa mikono yake na misumari yake, na mayai ya mbegu nzuri alikuwa ameyafuata mwenyewe mbali, akayapakata mapajani njia nzima yasitikisike. Kwenye kila ganda alichora moyo mdogo. Dada alimtania kama mayai yale anatotolesha au anayaposa. Walicheka wote wawili mpaka wakajifuta machozi.

Wiki ya tatu ilipokuwa inaisha, asubuhi moja jua likiwa limeshapanda, dada alinipigia simu dukani.

"Mashine imenyamaza," alisema.

Niliacha kitambaa kimekatwa nusu, nikakimbia. Nataka muelewe jua la siku ile. Bati lilikuwa linalia kwa joto. Ungeweza kukaanga kitu juu ya zile paneli. Na ndani ya nyumba hakuna umeme. Feni imesimama, kwenye inveta kuna kitaa chekundu kimenikodolea macho. Nilibonyeza kila kinachobonyezeka. Dada alikuwa amefungua kabati kidogo, ametega sikio. Ndani ya mayai vilisikika vilio vyembamba, vifaranga walikuwa wameanza kudonoa maganda.

Nikampigia kaka.

"Jua si linawaka?" akauliza.

"Linawaka."

"Basi umeme upo."

"Kaka, haupo."

"Angalieni vizuri."

Alinieleza kwa muda mrefu, kwa salio langu, kwamba umeme upo. Nilitamani simu iwe na tundu nipitishe mkono. Nikakata, nikampigia fundi, na bahati alikuwa mtaa wa pili. Alikuja, akaitazama inveta, hakuigusa hata kwa kidole.

"Haijaharibika," alisema. "Ndivyo ilivyotengenezwa. Umeme wa nguzo ukizima, nayo lazima izime. Wale mafundi wanaopanda nguzo kutengeneza waya, nyumba yenu ikiwa inausukuma umeme kwenye waya huohuo, mtawaua. Mwenye betri na inveta yake anajitenga, anabaki na umeme wake ndani. Ninyi hamna betri."

"Hata jua likiwa hivi?" dada akauliza.

"Hata jua lishuke likae juu ya bati, mama."

Dada akarudi kwenye kabati. Alichukua yai akalishikiza kwenye kope. "Yanaanza kupoa," akasema, akageukia mlangoni kuchukua madumu. Mkono wake ukabaki hewani. Mlangoni palikuwa pamefagiliwa, safi, tayari kwa picha.

Nimekasirika mara nyingi maishani mwangu, lakini hasira ile niliisikia mpaka kwenye meno. Nilipita nyumba kwa nyumba kuomba madumu kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Huku wana moja, kule limetoboka. Jiko tuliazima, mkaa tukaufuata sokoni. Maji ya kwanza yalipochemka jua lilikuwa limeanza kushuka, na ndipo tukaona balaa la pili. Madumu hayana pa kukaa. Chini ya kabati kulikuwa na trei ya Nesi.

"Toa trei yoyote," nikasema. "Toa, haraka!"

"Nitoe ya nani?" dada akaniuliza.

Alisimama mbele ya kabati lake, misalaba, maduara na majogoo ya watu vinamtazama. Trei za juu zilikuwa za watu wengi, trei ya chini ilikuwa ya mtu mmoja, na joto la madumu halipandi kama madumu hayako chini. Akaitoa ya chini. Aliyabeba mayai yale mpaka kitandani kwake, akayazungushia blanketi, shuka na nguo zake zote nzuri, akaweka na chupa za maji ya moto pembeni. Aliyapapasa moja moja kama anayaomba radhi.

Ikasemekana transfoma imeungua. Umeme ulirudi kesho yake mchana, na kitaa chekundu kikawa cha kijani, paneli nane zikaanza kazi kama kwamba hakuna kilichotokea. Trei za juu zilitotoa, wengi wao wanyonge, wengine miguu imepinda. Trei ya Nesi haikutoa hata kifaranga mmoja. Dada alipasua yai moja kuhakikisha. Kifaranga alikuwa ametimia, manyoya na kila kitu, mdomo umegusa ganda.

Kaka alikuja wakati huo, shati jeupe, anatoka jasho. Nikadhani ataomba msamaha, mimi nilivyo mjinga. Alianza na fundi, fundi hafai. Akaenda kwa muuzaji, atamshtaki. Akamaliza na nguzo, transfoma na serikali. Wote walikuwa na makosa, alibaki kuku tu. Kisha akatulia, akamwekea dada mkono begani.

"Usijali. Nitakununulia betri, tena kubwa kuliko zote. Tutaijengea kibanda chake pale mbele."

"Pale mbele wapi?" nikamuuliza. "Barabarani?"

"Wewe..."

"Usithubutu kuniambia ninyamaze. Leo usithubutu."

Dada hakutuangalia sote wawili. Alinawa mikono, akayapanga mayai ya Nesi kwenye trei yake, yote, akashika upande mmoja, nikashika wa pili. Tulimwacha kaka amesimama katika chumba chake cha zamani.

Nesi alikuwa bandani, anatandaza pumba mpya za mbao. Alipotuona na trei uso wake ulifunguka, halafu akaona jinsi tulivyoibeba, bila tahadhari yoyote, kama watu waliobeba mawe. Akachukua yai moja, akaligeuza mpaka akauona moyo wake.

"Yote?"

"Yote, dada," dada yangu akasema. "Niliyatoa mimi, kwa mkono wangu. Nilihitaji mahali pa madumu."

"Madumu yako yalikuwa wapi?"

"Tuliyatupa. Tulipata zile paneli."

Nesi akaupapasa ule moyo kwa kidole gumba. Hakuwa na hasira, ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Mimi sikukuletea mayai kwa ajili ya paneli," alisema. "Nilikuwa nikipita kwako nayaona yale madumu mlangoni. Nikawa nasema, huyu mwanamke halali usingizi akiwa na kitu cha mtu. Ndiyo maana nilikuletea."

Akarudisha yai kwenye trei, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu kama alivyozoea kufunga milango ya wagonjwa. Wiki ile watu walikuja kuchukua vifaranga wao, wanyonge na wenye miguu iliyopinda. Hawakumtukana, walishukuru, wakaaga, na hawakuacha mayai mengine.

Mashine ilipobaki tupu, ndipo dada alipopata nafasi ya kwenda duka la sola mwenyewe. Nilikwenda naye. Muuzaji alitukumbuka, akaanza kuishughulikia miwani yake, anaifuta, anaivaa, anaivua.

"Ulijua itazima?" dada akamuuliza.

"Nilijua, mama."

"Na hukusema."

"Yule mzee alikuwa na haraka sana."

"Wewe je, haraka yako ilikuwa ya nini?"

Yule mama akainamisha macho. Alikubali kupokea paneli tano na ile inveta, kwa hasara kubwa kwetu, na kutupatia inveta ya kuchanganya pamoja na betri. Dada aliuliza maswali mpaka nikaona aibu. Betri itaishika mashine muda gani umeme ukienda jua limezama? Mawingu yakikaa siku mbili? Je, nikizidisha mzigo, nikiwasha na pasi? Itajaa kwa jua peke yake au na nguzo nayo itasaidia? Kila jibu alilirudia kwa mdomo wake kabla ya kuuliza lingine. Ndivyo ilivyotakiwa siku ile ya kwanza, ingemgharimu Mheshimiwa kukaa kimya kwa nusu saa tu.

Kaka alisikia. Alipofika, fundi alikuwa juu ya bati, paneli mbili zimeshashuka na zimeegemezwa ukutani.

"Nani kawaruhusu?" alipiga kelele kutoka getini. "Teremka! Wewe, teremka! Dada! Watu walishaona nane! Wenzangu wa kazini walishaona nane, nitawaambia nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilikuwa nayo tangu siku ya dukani, nimeyanoa, na mengine siwezi kuyaandika hapa. Lakini dada alitoka, akanipita, akaenda kusimama mbele yake. Sijawahi kumsikia akimfokea kaka, hata tulipokuwa wadogo naye akachoma wavu wa banda la kuku kwa kiberiti. Na siku ile pia hakufoka.

"Nilikuchagulia viatu," alimwambia. "Nikakuchagulia shule. Nikakuchagulia saa ya kulala na saa ya kuamka. Sikukuuliza, kwa sababu ulikuwa mtoto na hapakuwa na mwingine wa kukuchagulia. Mimi si mtoto wako."

Kaka alinitazama mimi, sijui alitaka nimsaidie nini. Kutoka juu fundi akalalamika kwamba ngazi inateleza.

"Shika ngazi," dada akamwambia, akaingia ndani.

Akaishika. Mheshimiwa, shati jeupe na kalamu mfukoni, alishika ngazi mpaka paneli ya tano ikatua chini, na watu wanapita njiani wanasalimia. Sikumwonea huruma. Dada anasema itakuja tu, mimi nasubiri.

Fundi alipomaliza kuunganisha betri na mashine peke yake, kama dada alivyotaka, dada alikwenda kwenye swichi kuu na kuizima nyumba nzima kwa makusudi. Taa ya sebuleni ikafa, redio ya jikoni ikakata wimbo. Chumbani feni ya mashine iliendelea kuzunguka bila hata kusita, hita inawaka, kipimo hakikushuka. Mashine haikujua. Dada alifungua mlango wa kabati akasimama hapo mbele ya trei zake, na kwenye trei zote hakukuwa na yai hata moja.